Tajiri Atatufikiria

Kule Mbagala, ukitaka kujua kama Mwanaasha kaamka, sikiliza cherehani yake. Huwahi kuliko jogoo. Lakini juma lile cherehani ilinyamaza. Ilifungwa kamba, inamngoja mnunuzi.

Mumewe, Mashaka, ni baharia wa meli ya mizigo. Mwezi wa nne sasa hajaona mshahara. Kila akimuuliza tajiri mwenye meli, jibu ni lile lile: "Nitakufikiria." Naye Mashaka humpigia mkewe simu, "Vumilia, mke wangu. Tajiri atatufikiria."

Fikra haziivi chunguni. Unga uliisha, na mwenye nyumba akaanza kugonga mlango.

Siku hiyo jirani yao, Sekela, alileta kitenge kishonwe. Sekela anafanya kazi katika chama cha mabaharia. Akaiona kamba.

"We Mwanaasha! Cherehani imefanya kosa gani mpaka imefungwa?"

"Naiuza, shoga. Tajiri hajatufikiria."

"Hajawafikiria? Kwani Mashaka anaomba sadaka?"

"Usiseme hivyo. Tajiri ni mtu wa watu. Msiba wa mama mkwe alileta gunia zima la mchele. Leo tukamsemee kwa wakubwa?"

"Mchele ni wema wake, Mungu amlipe. Mshahara si wema, ni jasho la mumeo. Meli iko wapi sasa?"

"Ipo hapa bandarini, wanapakia mizigo usiku na mchana, hata nyumbani hajafika. Kesho kutwa inarudi Komoro. Tena kesho wanakuja wakaguzi wa meli. Nimemwambia Mashaka ajifiche, wasije wakamkamata."

Sekela alicheka mpaka akakaa chini.

"Ajifiche! Wenzio wanakuja kumtetea! Mkaguzi haangalii chuma cha meli tu. Anaangalia mikataba ya mabaharia, na kama wamelipwa. Baharia hulipwa kila mwezi, si siku tajiri akikumbuka. Mashaka anayo nakala ya mkataba wake?"

"Alisaini, tajiri akasema atamtunzia."

"Amtunzie kwani ni yai? Nakala ni haki yake, akae nayo mwenyewe."

"Na akisema, si atafukuzwa?"

"Mkaguzi huongea na baharia faragha. Hamtaji aliyelalamika. Na kumfukuza mtu kwa kudai haki yake ni marufuku. Ila mkinyamaza, atajuaje? Yule si mganga."

Mwanaasha akashika simu, akampigia mumewe.

"Baba Munira, kesho usijifiche. Wakikuuliza, sema kweli."

"Tajiri atanionaje, mke wangu?"

"Atakuona baharia. Ukinyamaza, cherehani inaondoka, na wewe unaenda Komoro bure."

Kesho yake wakaguzi walipanda melini. Kutwa nzima Mashaka hakupiga simu. Siku ya pili mnunuzi alifika na mkokoteni.

"Ngoja kidogo, kaka," Mwanaasha alisema.

"Nimengoja tangu asubuhi, sista. Nisaidie upande huo."

Mwanaasha aliinama. Akashika mguu wa cherehani. Ndipo akasikia sauti mlangoni.

"Shusha! Fungua kamba hiyo!"

Alikuwa Mashaka, na kiroba cha unga begani. Mnunuzi aliondoka na mkokoteni mtupu, akinung'unika.

"Mkaguzi alikuwa mama mmoja mpole," Mashaka alisimulia. "Akaniuliza, umelipwa? Nikajibu, tajiri atanifikiria. Akaniangalia. Akasema, 'Baharia hafikiriwi, baba. Baharia hulipwa.' Basi nikasema yote. Kumbe na wenzangu nao walisema."

"Na tajiri?"

"Meli ilizuiwa isitoke mpaka tulipwe. Kanuna, lakini kalipa yote. Na hii hapa, nakala yangu."

Mwanaasha akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Aliuweka mkataba kabatini, pamoja na cheti cha ndoa. Kisha akavuta kiti, akatia uzi kwenye sindano. Kitenge cha Sekela kikaanza kukimbia.

Mashaka alikunywa chai, akasukuma kikombe mbele.

"Mke wangu, nifikirie kikombe kingine."

"Hicho nitakufikiria," Mwanaasha alijibu, bila kusimamisha cherehani. "Chai si mshahara."