Sahani Iliyong'aa

Hadjara alifunga ndagala kwa karatasi za kitabu, na kosa hilo ndilo lililomletea mpenzi. Soko la Rumonge lilikuwa limefurika siku hiyo. Yeye kavaa kitenge cha manjano na kilemba chake, jasho puani, kijana mmoja mrefu akasimama mbele ya meza yake akikodoa macho.

"Dada, unafunga samaki na kitabu?"

"Kwani kitabu inalia? Unanunua ao unanihubiria?"

"Nanunua. Lakini unipatie na kitabu yote."

"Kitabu haiuzishwe. Iko ya ndagala."

"Basi nitanunua ndagala kila siku mupaka ukurasa wa mwisho!"

Faridi aliuza vitabu vya mitumba kutoka Kigoma, na ahadi aliitimiza. Kila siku alikunjua karatasi yake palepale mezani, akamsomea Hadjara habari za Zuhura mshonaji na wanaume wawili waliomtaka. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haikupita hata wiki mbili, soko zima lilijua.

Halafu Faridi akafungwa kwa kesi ya shamba aliloachiwa na marehemu baba yake kule Gatete. Hadjara alichukua nusu ya kitabu iliyobaki, akaipeleka gerezani. Nestori, polisi wa mlangoni, akaisukuma pembeni.

"Bitabu hapana. Biblia na Korani, basi."

"Shefu, iko hadithi ya mapenzi tu."

"Ndiyo mubaya zaidi. Na wewe iko bibi yake?"

"Bado."

"Basi kumuona hapana. Acha chakula, sahani utaikuta kesho."

Kumbe chakula kinapita! Hadjara alirudi akicheka peke yake njiani. Tangu kesho yake akawa anapeleka ndagala kwenye sahani ya bati, zimefungwa kwa ukurasa mmoja, kwa mpangilio. Sahani ilirudi tupu kila siku. Hakujali, maana mfungwa atatia nini?

Mwezi wa tatu wa kifungo, baba yake Hadjara akamletea binti yake mchumba, mfanyabiashara wa vitenge wa Uvira. Hadjara aliomba wiki moja. Pembeni mwa ukurasa wa kabla ya mwisho akaandika kwa biki: "Faridi wangu, wananioza. Unajua kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Ukitaka nikungoje, tia kitu, hata kijiwe. Ikirudi tupu nitaelewa."

Sahani ilirudi tupu, tena imesuguliwa ikang'aa. Ukurasa wa mwisho akauweka, akaipeleka sahani siku sita zaidi, na siku zote sita ikarudi vilevile. Masikini Hadjara! Alilia mpaka macho yakavimba, kisha akakubali kuolewa.

Miezi miwili baada ya harusi, Faridi akaachiwa. Mlangoni Nestori akamkabidhi bunda la karatasi linalonuka ndagala.

"Iko zako. Sheria ni karatasi haipite, nilikuwa nazifungua apa mulangoni. Lakini kutupa nilishindwa, hadithi iko tamu! Ila ukurasa wa mwisho haukufika. Zuhura aliolewa na nani?"

Faridi alisoma akiwa amesimama, akafika kwenye maandishi ya biki.

"Shefu, niazime simu."

Namba aliijua kwa moyo.

"Alo?"

"Hadja wangu."

Sauti ndogo ikajibu: "Faridi? Sahani ilikuya tupu. Siku saba nilingoja."

"Karatasi haikunifikia, mupenzi. Ata moja."

"Na ile kung'aa? Nilisema umenifuta kabisa."

"Nilikuwa naisugua na muchanga, mimi mwenyewe, sababu itaenda mu mikono yako. Sikukuwa na kitu ingine ya kukupa."

Hadjara akalia kwa sauti, hakujali nani anamsikia.

"Ukurasa wa mwisho niko nayo," akasema.

"Nisomee."

"Siwezi, Faridi. Niko bibi ya mutu."

Simu ikakatika. Faridi akairudisha.

"Enhe," akauliza Nestori, "Zuhura aliolewa na nani?"

"Na mwingine," akasema Faridi.