Jimmy Azoeshwa Watu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mugure alimpa mbwa wake, Jimmy, ugali na maziwa, akamsukuma bandani, akafunga mlango. Jimmy alikuwa na miezi mitatu tu. Hapa Kiamunyi wengi husema mbwa akifungiwa mchana kutwa atakuwa mkali, naye Mugure alitaka mbwa mkali kuliko wote mtaani.

Jumatatu, Jimmy alitoroka. Akakutana na Winrose, mama anayewaletea maziwa. Mtungi wake wa maziwa ulipolia, Jimmy alishtuka, akararua soksi ya Winrose. Bahati nzuri, jino halikugusa ngozi.

"Jumamosi Mjomba Ngigi atamchukua," mama yake Mugure akasema. "Sitaki kesi na majirani."

Mugure alimkimbilia Odero, daktari wa mifugo aliyemchanja Jimmy.

"Daktari, nimemfungia vizuri kabisa! Mbona anakuwa hivi?"

"Huo si ukali, ni woga. Ningekufungia wewe tangu utotoni, ungejuaje mwalimu ni nani na mwizi ni nani? Mzoeshe watu, polepole. Usimvute. Akisogea mwenyewe, mpe kipande cha nyama."

Jumanne jioni, Mugure alimfunga Jimmy kamba, wakakaa mbali na lango wakitazama wapita njia. Jumatano, Winrose aliweka mtungi chini, Jimmy akaunusa. Alhamisi, Kigen, rafiki wa Mugure, aliingia na mwavuli wazi. Jimmy akajificha nyuma ya Mugure.

"Niaje, huyu ni mbwa ama kuku?"

"Kuku ni wewe! Funga mwavuli, ukae, umngoje."

Kigen alingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Mwishowe Jimmy akaja, akamlamba kidole.

Jumamosi, Mjomba Ngigi alifika kwa pikipiki, gunia kwapani. Jimmy alirudi nyuma, akabweka mara mbili, akamtazama Mugure. Mugure hakumvuta. Jimmy akasogea, akanusa buti za mgeni, mkia ukaanza kucheza.

"Dada, huyu ndiye uliyesema ana wazimu?" Mjomba akauliza.

Mama akacheka. "Rudi na gunia lako, Ngigi. Nitakutilia sukumawiki."

Kisha akamgeukia binti yake. "Mugure, ulitaka aogopwe, ukamfundisha kuogopa. Kiumbe mchanga hafichwi. Huonyeshwa dunia kwa subira. Kazi haijaisha. Kesho tukitoka kanisani, mpeleke akaone barabara."

Mugure alikuwa tayari ameshika kamba.