Namba Arobaini na Tatu

Droo ya muuguzi wa kliniki ilikuwa tupu, na kufuli lake halikuwa na hata mkwaruzo. Inspekta aliinama akalikagua, kisha akauliza ni akina nani wana ufunguo. Muuguzi alijitaja yeye na mtaalamu wa maabara.

Kilichoibwa ni daftari la watu wazima themanini waliojitokeza juzi kupima homa ya ini aina ya B. Chupa za damu zilikuwa na namba tu. Majina, simu na mitaa vilikuwa daftarini. Sita kati ya watu hao walikuwa wameambukizwa bila kujijua, na sasa hapakuwa na njia ya kuwapata.

Mtaalamu wa maabara, mwanamume wa makamo asiye na maneno mengi, alisema hajui lolote. Inspekta hakumbana. Alivaa glavu, akamwaga vipimo vilivyotumika juu ya karatasi, akavihesabu. Themanini na tatu. Vinne vilikuwa na namba ileile.

"Arobaini na tatu umeipima mara nne," alisema. "Majibu ni yaleyale. Ulikuwa unatafuta nini?"

Mtaalamu alikaa chini polepole.

"Ni mke wangu," alisema. "Alikuwa mke wangu."

Alisimulia jinsi alivyomwona kupitia dirisha, amesimama kwenye foleni, baada ya miaka tisa ya kutojua anaishi wapi. Alipotoka nje, hakumkuta. Jioni akachukua daftari, apate mtaa wake tu. Akalikuta jina lake mbele ya namba ambayo tayari alikuwa ameiandikia "ameambukizwa". Akarudi maabara kuipima tena, na tena, akiomba awe amekosea.

"Mbona hukurudisha daftari?"

"Nilitaka nimpelekee majibu mwenyewe. Nilikuwa nimepata sababu ya kumpigia hodi."

"Ukapiga?"

"Nilimuulizia mtaani hadi nikafika mlangoni. Nikamsikia anaimba jikoni, afande. Nikashindwa kumkatiza."

Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wake. Muuguzi alilipokea, akavuta simu ya mezani aanze na namba ile. Inspekta alitoa pingu. Mtaalamu akaomba jambo moja tu: wasubiri simu ipokelewe.

Sauti ya mwanamke iliitika. Muuguzi akamwomba aje kliniki, akamtuliza kwamba ugonjwa huo una dawa za kuudhibiti. Mtaalamu alisikiliza huku amefumba macho, hadi simu ilipokatika. Ndipo akanyoosha mikono.