Ishara Aliyoikwepa Mama Igoki

Igoki wa Kivuti hakuwa na masikio ya kusikia. Hakuwa na neno la njaa, wala la kiu, wala la tumbo linapouma. Hakuwa na rafiki. Hakuwa na kitabu, kwa kuwa hakuna aliyeona faida ya kumnunulia. Hakuwa na jana wala kesho, ila leo tu. Hata jina hakuwa nalo. Alibatizwa, ndiyo, na watu walimwita kutwa nzima. Lakini jina huingilia sikioni, na masikio yake yalizibwa na homa ya uti wa mgongo kabla hajaanza kutembea. Akafika miaka saba hajui kuwa anaitwa kitu.

Wazazi wake, Kivuti na Felicitas, walikuwa wakulima karibu na Karurumo. Walikuwa na kahawa kidogo, migomba na ng'ombe mmoja wa maziwa. Hawakuwa watu wabaya. Walimlisha mtoto wao na kumvika. Lakini majirani walipomwita bubu, Felicitas aliinamisha kichwa. Yeye pia aliamini kuwa binti yake hana akili. Wageni walipokuja, alimpeleka jikoni akae huko.

Asubuhi moja mwanamke mwembamba aliingia uani, viatu vimejaa vumbi jekundu.

"Hodi! Mimi ni Mwalimu Gatwiri. Nimetoka upande wa Meru, nimeletwa kufundisha watoto viziwi katika shule yenu ya msingi. Mama, nimeambiwa una msichana asiyesikia."

"Nani amekuambia?" Felicitas aliuliza kwa ukali.

"Viatu vyangu. Vimeuliza kila boma."

Kivuti alikuwa anakamua. Hakugeuka. "Mwalimu, usijisumbue. Huyo hawezi kusoma. Hata kuitika hawezi."

"Na huyo ng'ombe anaitika?"

"Huyu ananijua. Nikigonga ndoo anakuja. Nikimgusa hapa mguuni anasimama vizuri."

"Kumbe unaongea vizuri na asiyejua Kiembu! Basi mtoto wako atakushinda nini, Baba Igoki?"

Felicitas alicheka bila kutaka. Kivuti hakucheka, lakini hakumfukuza mgeni.

Mwalimu alikaa kwenye kigoda akawaeleza. "Kiziwi si mjinga. Mlango wa masikio umefungwa, kwa hiyo tutaingilia mlango wa macho. Iko Lugha ya Ishara ya Kenya, nayo ni lugha kamili kama Kiswahili. Ukitaka kuongea na Igoki, mguse bega kwanza. Simama penye mwanga aone uso wako. Nanyi mje shuleni Jumamosi mjifunze. Mkiniachia mimi peke yangu, atakuwa na lugha shuleni na upweke nyumbani."

Igoki alianza shule. Mwalimu alimpa jina la ishara, kidole kikigusa kishimo cha shavuni mwa mtoto. Wiki nyingi zilipita mtoto asielewe. Kisha siku moja akagusa shavu lake, akajipiga kifuani, akamtazama Mwalimu kwa mshangao. Mimi? Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Jioni ile Igoki alizunguka boma lote akigusa ndoo, ng'ombe, mlango na pua ya baba yake, akitaka kujua kila kimoja kinaitwaje.

Felicitas alihudhuria masomo ya Jumamosi. Kivuti alikataa. "Mikono yangu ni ya jembe," alisema. Alijua ishara tatu tu: kula, njoo na lala.

Kisha cucu yake Igoki, mama yake Kivuti, akafariki. Siku ya mazishi Igoki alipelekwa kwa jirani. Aliporudi, aliambiwa kuwa cucu ameenda mbali.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Gatwiri alimwambia Felicitas, "Leo nikufundishe ishara ya kufa, umweleze mtoto."

Felicitas alificha mikono ndani ya leso. "Hiyo tuiruke, Mwalimu. Tusiite mkosi."

"Haya, mama. Sitakulazimisha. Lakini mtoto anangoja."

Miaka ilipita. Igoki alifika Gredi ya Sita. Alisoma, aliandika, na aliweza kuigiza mwendo wa kasisi mpaka watu wakashika mbavu. Walimu wengine walikuja wakaomba uhamisho. Mwalimu Gatwiri alibaki, ingawa alikuwa anaugua figo. Alikwenda Embu kusafishwa damu, na siku iliyofuata alikuwa darasani, uso umevimba, mikono inaongea. Wazazi walipomwambia apumzike, alisema, "Watoto hawa wamengoja vya kutosha."

Likizo ya Agosti Mwalimu Gatwiri alifariki. Alizikwa kwao Meru, mbele ya Kaaga.

Habari zililetwa kwa simu na mwalimu mwenzake, Mwalimu Adrian. Felicitas alikaa chini akalia. Igoki alikuwa shambani.

"Usimwambie," Kivuti alisema. "Mwambie amesafiri."

"Kama tulivyofanya kwa cucu?"

"Na si alimsahau?"

Felicitas alijua kuwa Igoki hakusahau. Lakini alijiambia kuwa hata hivyo hana ishara ya kumwambia. Mtoto aliporudi, akamwambia kwa mikono: Mwalimu, mbali.

Atarudi lini? Igoki aliuliza.

Bado.

Wahenga walisema mficha ugonjwa kilio humfichua. Shule ilipofunguliwa, Igoki alibeba ndizi mbivu za kumpa Mwalimu. Alirudi nazo jioni. Kesho yake alizibeba tena, zimeanza kuwa nyeusi. Alisimama langoni mwa shule mpaka watoto wote wakaondoka. Baadaye aliacha kula. Kisha aliacha kuongea, akawa anakaa jikoni mikono imelala mapajani, kama alivyokuwa zamani.

Mwalimu Adrian alikuja nyumbani. Hakugusa hata chai aliyowekewa.

"Mama Igoki, nilidhani mmeshamwambia. Kumbe leo mtoto ameniuliza kosa lake ni nini."

"Kosa gani?"

"Siku ya kufunga shule alivunja kikombe cha Mwalimu Gatwiri. Anadhani Mwalimu amekasirika, ndiyo maana haji. Ameniambia watu anaowapenda humwacha bila kumuaga. Amemtaja cucu yake."

Felicitas alishika nguzo ya mlango. "Tulitaka kumwepusha na uchungu."

"Uchungu anao tayari. Amekosa maelezo tu. Sikiliza, mama. Mtoto anayesikia, hata mkimficha, ataokota habari barabarani. Atasikia nyimbo za matanga. Atasikia majirani wakinong'ona. Kiziwi akifichwa, amefichwa kabisa. Msimwambie mtu amesafiri, atangoja. Msimwambie amelala, ataogopa kulala. Mwambieni wazi kuwa amekufa, kuwa mwili wake umeacha kufanya kazi, kuwa hatarudi. Mwambieni si kosa lake. Halafu mwacheni alie, nanyi mlie naye."

"Si umwambie wewe, Mwalimu? Wewe unajua maneno."

"Nitamwambia mkitaka. Lakini mimi nitaenda zangu jioni. Nyinyi ndio mtakaobaki naye."

Felicitas alitoa mikono ndani ya leso. "Basi nifundishe."

Kivuti alikuwa amesimama nje ya mlango, ndoo mkononi. Aliiweka chini. "Hata mimi," alisema.

Ishara yenyewe ni fupi. Mtoto mdogo anaweza kujifunza mara moja. Wao waliirudia, pamoja na za kosa, figo na ugonjwa, mpaka chai ikapoa.

Walimwita Igoki wakamkalisha kwenye benchi nje ya jikoni, mahali penye mwanga mzuri. Felicitas alimgusa bega. Akafanya ishara: Mwalimu. Kisha mikono yake ikakataa. Ilibaki hewani, haiendi mbele wala nyuma.

Ndipo Kivuti alipopiga magoti mbele ya binti yake. Mikono yake minene, yenye weusi wa kahawa kwenye kucha, ikamaliza maneno ya mkewe. Amekufa. Hatarudi.

Igoki aliitazama mikono ya baba yake. Hakuwahi kuiona ikisema jambo refu hivyo. Akamwomba arudie. Kivuti akarudia.

Kikombe? Igoki aliuliza. Kosa langu?

Hapana, Kivuti alisema. Hapana, hapana, hapana. Figo. Ugonjwa.

Kisha mtoto akauliza: Cucu?

Felicitas alifunga macho, akayafungua. Ndiyo. Cucu pia.

Basi Igoki aliwalilia watu wawili kwa siku moja. Alilia kwa sauti kubwa ambayo yeye mwenyewe hakuisikia. Majirani walikuja mbio wakidhani pana msiba mpya. Felicitas aliwaambia, "Msiba ni ule ule. Ni Igoki tu ndiye amefikiwa na habari sasa." Wakakaa naye. Hakuna aliyemwita bubu.

Huzuni haikuondoka. Lakini Igoki alianza kula, na usiku alilala. Kivuti alianza kwenda masomo ya Jumamosi, ambayo sasa yalifundishwa na Mwalimu Adrian. Alikaa benchi la mbele, akakosea mpaka watoto wakamcheka, siku aliyotaka kuomba chumvi akaomba mbuzi. Wazazi wengine walimfuata. Wazazi wa mtoto mmoja wa Kiambere walimleta mtoto wao kusajiliwa, wakiwa wamesikia habari za mkulima aliyejifunza kuongea na binti yake.

Igoki alitaka kujua kama Mwalimu Gatwiri alikuwa na mama. Alipoambiwa kuwa mama yake yu hai, alichukua kalamu. Aliandika hivi:

"Mama wa Mwalimu. Mimi ni Igoki. Mimi ni kiziwi. Mtoto wako alikuja kwetu kwa miguu. Zamani niliona midomo ya watu inacheza. Nilidhani wanatafuna. Yeye alinionyesha kuwa ni maneno, akanipa yangu. Alikuwa mgonjwa na alikuja shule. Nilivunja kikombe chake na yeye alicheka. Nilikuwa nimesahau kuwa alicheka. Baba sasa anaongea na mimi. Nalia lakini nakula. Asante kwa kumzaa."

Felicitas alitaka kuongeza salamu za heshima pale juu, kama inavyofaa kwa mtu mzima. Kivuti akamzuia. "Wacha. Mama huyo ataelewa."

Siku ya soko walikwenda Runyenjes, wote watatu. Kivuti alinunua stempu. Igoki alikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akalamba gundi na kuibana kwa kiganja kwa muda mrefu, kama mtu anayezuia jeraha. Halafu akaiingiza nusu katika mdomo wa sanduku la posta. Hakuiachia mara moja. Aliweka mkono wa pili ubavuni mwa sanduku lile la chuma, akaiachia, akaihisi barua ikianguka.