Fedha Zilizolala Siku Tatu

Katika nyumba ya marehemu Mzee Mokaya wa Migori sheria ilikuwa moja, na hata mgeni aliyelala kwake usiku mmoja aliondoka akiijua: jua likizama Ijumaa, mkono wa nyumba ile haushiki fedha mpaka jua la Jumamosi lizame. Hautoi, haupokei, wala haumtumi mtu wa nje atoe kwa niaba yake. Mzee alikufa, sheria haikufa.

Kwa hiyo Nyasuguta, binti yake wa pili, hakuwa na raha Ijumaa ile ya mwisho wa Januari aliposimama kwenye foleni ya benki mjini Migori. Alikuwa fundi wa nguo, na nguo zake zilimtangaza: gauni la samawati lililomkaa sawasawa, na kola nyeupe aliyoishona kwa mkono. Mkononi alishika bahasha yenye barua ambayo benki ilimwandikia kaka yake. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli ya kijivu yenye harufu ya samaki na mafuta ya mashine.

"Dada, pita mbele yangu," yule mwanamume alisema.

"Kwa nini? Mimi si mzee, wala si mgonjwa."

"Umelitazama dirisha mara tisa. Ama unadaiwa, ama unaliogopa jua."

"Naliogopa jua. Anayedaiwa ni kaka yangu."

"Basi wewe ni Msabato, na kaka yako ni mteja mzuri wa benki."

Nyasuguta alikusudia kukasirika, akajikuta akicheka. Mwanamume huyo alijitaja kuwa Magige, Mkuria, fundi wa majokofu ya wachuuzi wa samaki mjini Homa Bay. Karani wa Migori alipomrudisha Nyasuguta kwa maneno machache, kwamba akaunti ile ni ya tawi la Homa Bay, Magige ndiye aliyeketi naye kwenye benchi la nje na kuomba ruhusa ya kuisoma barua.

Arasa, kaka yake Nyasuguta, aliuza simenti na mabati Homa Bay. Biashara ilipoyumba, benki ilimpa ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa katika akaunti zaidi ya kilichomo, na juu yake ikampa kadi ya mkopo. Sasa mawili hayo yalifika shilingi laki nne na elfu kumi, na barua ilitaja mnada.

"Kaka yako anatoa fedha kwenye kadi ili azibe ovadrafti," Magige alisema, "kisha anavuta ovadrafti ili alipe kadi. Ni sawa na mtu anayeazima koti la jirani ili kuficha kwamba ameazima na suruali yake."

"Umeyajuaje haya?"

"Suruali hiyo nimeivaa miaka miwili. Ilinibana sana."

Jumapili iliyofuata Nyasuguta alikwenda Homa Bay. Arasa, mtu mzima mwenye watoto watatu, hakuweza kumtazama mdogo wake usoni. Fedha za kadi ile ndizo zilizonunua mashine ya pili ya kushonea ya Nyasuguta, zawadi ambayo hakupata kuambiwa ilikotoka. Aliposikia hivyo, alifungua mkoba wake akatoa mkasi wa kitambaa, ambao fundi yeyote mwenye akili haukatii hata karatasi.

"Lete kadi, Kaka."

"Utauharibu mkasi wako."

"Nitaunoa."

Akaikata vipande vinne mezani.

Mambo mengine yalifanywa kwa utaratibu. Arasa aliuza pikipiki na bidhaa za dukani, akaajiriwa kuwa mtunza ghala. Benki ilikubali kuigeuza ovadrafti kuwa mkopo wa kulipwa kwa mafungu. Kadi ililipwa kwanza, kwa kuwa riba yake ilikuwa kali zaidi. Nyasuguta alitoa nusu ya pato lake kila mwezi, akaliahirisha duka alilokuwa akilitamani kwa miaka sita. Arasa mwenyewe ndiye aliyeomba sharti la mwisho: fedha zisipite mikononi mwake. "Zikipita kwangu hupungua," alisema. Hivyo zikapita kwa Magige, aliyefanya kazi hatua mia mbili kutoka benki.

Mapenzi yao yalikua kwa risiti. Kila mwezi simu ililia.

"Binti Mokaya, fungu limefika, na mhuri umepigwa. Na mwenye fedha, hajambo?"

"Hajambo, ila vidole vina matundu ya sindano."

"Ningekuwa karibu ningevipuliza."

"Vidole vyangu vipulizwe na mtu anayenuka samaki?"

"Nimenunua sabuni, mpenzi. Sabuni mbili. Ya pili ni ya Jumapili nikija kukuona."

Naye alikuja, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ikasimama kama kisu, akitoka kanisani kwake moja kwa moja, akala matoke nyumbani kwa mama yake Nyasuguta bila kubakiza.

Mwaka ulipita. Salio lilibaki elfu hamsini na nane, na benki ikaahidi kusamehe faini zilizolimbikizwa, elfu kumi na mbili na mia sita, iwapo salio lingelipwa kabla ya saa sita mchana, Jumamosi ya mwisho wa Machi. Nyasuguta alikuwa ameshona majoho ya kwaya moja ya Rongo, na kwaya ililipa Ijumaa ya kuamkia siku hiyo. Saa tisa na robo alizituma fedha. Simu ikaandika kwamba zimekwenda. Akaizima, akaenda jikoni kupika chakula cha Sabato kwa moyo mwepesi.

Lakini mtandao ulizikwamisha njiani. Zilimfikia Magige saa kumi na nusu, benki imekwisha kufungwa. Alipiga simu mara kumi na moja. Ilikuwa imezimwa.

Jumatano Arasa aliichukua risiti, akampigia dada yake. "Deni limekwisha, tumshukuru Mungu. Lakini tazama, mhuri ni wa Jumatatu. Wewe ulituma Ijumaa mchana. Fedha zililala wapi?"

Mtu aliyewahi kudanganywa na deni hunusa udanganyifu kila mahali. Nyasuguta aliambukizwa hofu ile. Alimpigia Magige bila hata kumwamkia.

"Fedha zangu zililala wapi siku tatu?"

"Zililala kwangu."

"Ulizifanyia nini?"

"Nyasuguta, hilo ndilo swali lako la kwanza?"

"Ndilo. Lijibu."

Angeweza kulijibu. Lakini jibu lingekuwa kwamba Sabato ya nyumba yao iligharimu elfu kumi na mbili, naye aliona aibu kuitwika lawama imani ya mwanamke anayempenda. Juu ya aibu hiyo aliweka kiburi.

"Kama huijui tabia yangu baada ya risiti zote zile," alisema, "maneno hayatakufundisha."

Wakanyamaziana wiki tatu. Nyasuguta alishona mikono ya kushoto miwili kwenye blauzi moja, akaifumua, akairudia vilevile.

Ilipobidi kuchukua barua ya kuthibitisha kwamba deni limefungwa, alifuatana na Arasa hadi benki ya Homa Bay. Karani, binti mmoja aitwaye Milka, aliwatafutia barua hiyo huku akitabasamu.

"Yule fundi wenu wa majokofu hajambo? Sijaona mtu wa namna ile. Jumamosi ile alisimama pale mlangoni tangu tunafungua mpaka tunafunga, bahasha mkononi, akimwomba meneja ampe muda mpaka Jumatatu. Nikamwambia, 'Bwana, lipa tu sasa, hao Wasabato wenyewe hawatajua.' Akanijibu, 'Mimi nitajua.'"

"Meneja alimpa muda?" Nyasuguta aliuliza.

"Hakumpa. Jumatatu alilipa salio lenu, na faini akaitoa katika pochi yake, kwa risiti ya peke yake. Alisema fedha hizo alikuwa ameziweka za kununulia pampu."

Arasa aliketi, akafunika uso. "Ni mimi niliyekutia maneno, dada."

"Ulimi ulikuwa wangu, Kaka."

Nyasuguta alimaliza wiki mbili akishona mpaka mabega yakamwuma. Kisha akampigia Magige, akamtaka wakutane Rongo, katikati ya safari ya kila mmoja, Ijumaa saa kumi na mbili jioni.

Magige alimkuta mkahawani, amevaa lile gauni la samawati. Chai ilikwisha kumiminwa, na kando ya kikombe palikuwa na bahasha.

"Nilikushtaki kabla ya kukusikiliza," Nyasuguta alisema. "Nisamehe."

"Nami nilinyamaza ili uumie. Nisamehe wewe pia. Hii ni nini?"

"Elfu kumi na mbili na mia sita. Zihesabu."

"Sikuzidai, mpenzi."

"Najua, na hiyo ndiyo sababu ya kulipa. Kuna jambo utakalotaka kuniuliza siku moja, fundi. Nikilikubali nikiwa na deni lako, utajiuliza miaka yote kama nilikubali au nililipa."

Magige aliifungua bahasha. Kisha akahesabu noti moja moja juu ya meza.

"Fanya upesi. Jua halitungojei."

"Zimetimia."

"Risiti."

Aliiandika nyuma ya karatasi ya bei za vipuri: nimepokea kamili, simdai kitu. Akatia sahihi. Nyasuguta aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mkobani kando ya mkasi.

"Sasa uliza."

"Jua limebakiza kiasi gani?"

"Swali ninalolingoja si biashara. Hata jua likizama, linaruhusiwa."

Basi akamwuliza, kwa maneno machache, akiwa amevua kofia. Nyasuguta aligeukia dirisha, akalingoja jua mpaka ukingo wake wa mwisho ukazama nyuma ya mashamba ya miwa, ili hata yeye mwenyewe asije akadhani kwamba jibu lile lilikuwa sehemu ya malipo. Ndipo akamgeukia, akasema ndiyo.