Ubatizo wa Pili wa Audrey

Kila asubuhi kabla ya shule, Audrey alimsaidia mama yake, Filister, kupanga sukuma wiki kibandani na kuzinyunyizia maji zisinyauke. Kibanda chenyewe kilikuwa mbele ya nyumba yao, Soweto West kule Kibera. Jumapili hakukuwa na biashara. Siku hiyo ilikuwa ya kanisa lao la Methodisti, kanisa la mabati ambamo Audrey alibatizwa akiwa mtoto wa kunyonya.

Mwaka huo wa 1996 Audrey alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa katika darasa la vijana waliojiandaa kupokelewa kuwa washiriki kamili. Siku ikifika, mchungaji angewawekea mikono, kisha wangeshiriki Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza. Filister aliingoja siku hiyo kwa hamu na ghamu. Alikuwa ameshamshonea binti yake gauni jeupe, na kila jirani aliyepita kibandani aliambiwa habari za gauni hilo, atake asitake.

Basi likizo ya Aprili ikamkuta Audrey kwa shangazi yake kule Gatina, upande wa Kawangware. Huko alipata rafiki, Wangeci, binti wa mwenye ploti aliyopanga shangazi. Wangeci alikuwa mcheshi na hakujua kunyamaza. Alimchukua Audrey mpaka kanisani kwao, na lo, mambo ya huko yalikuwa mengine kabisa. Kwa akina Audrey mchungaji alisoma kitabu cha ibada na watu wakaitikia kwa utaratibu. Hapa watu walipiga makofi, wakaruka, wakaomba wote kwa pamoja mpaka sauti zikawakauka. Watoto wachanga waliombewa tu. Mtu alingojewa akue, aamini mwenyewe, ndipo azamishwe majini mzima mzima.

"Ati wewe ulinyunyiziwa maji ukiwa mtoto?" Wangeci alimcheka. "Hiyo ni ya sukuma wiki za mamako. Mtu hubatizwa akilowa."

Utani huo ulimchoma Audrey kama mwiba. Alianza kujiona nusu Mkristo. Jumapili iliyofuata tangi la simiti nyuma ya kanisa lile lilijazwa maji, naye akajipanga foleni pamoja na Wangeci. Pasta Wainaina alimhoji kila mtu kabla hajaingia. Zamu ya Audrey ilipofika, alimwuliza kama amewahi kubatizwa.

Hapo ndipo mtoto wa watu alipoteleza. Alisema hajawahi. Alipoulizwa kama mama yake anajua, alisema anajua, tena amefurahi sana. Akazamishwa, akaibuka akitetemeka kwa baridi, na watu wakashangilia. Shangazi alipomwuliza mbona nywele zimelowa, alisema walikuwa wakichezea maji mferejini. Alishangaa jinsi uongo ulivyokuwa ukimtoka bila taabu.

Shule zilipokaribia kufunguliwa alirudi Kibera. Katika somo la mwisho Mchungaji Kavoi aliwaeleza vijana kwamba Wamethodisti hubatiza mtu mara moja tu, wala hawarudii. Jumapili, alisema, kila mmoja angesimama mbele ya kanisa athibitishe kwa kinywa chake ubatizo ule wa utotoni. Wenzake walitabasamu. Audrey aliinamia daftari lake. Angeuthibitishaje ubatizo alioukana? Akinyamaza, angesimama mbele ya Mungu na uongo mdomoni. Akisema, pengine angeondolewa darasani, na mama yake angeficha wapi uso?

Jumamosi vijana walikuja kusugua mabenchi ya kanisa. Audrey alisugua benchi moja mpaka wenzake wakaondoka. Hapo akapiga moyo konde, akamfuata Mchungaji Kavoi mlangoni na kumweleza yote, machozi yakimtiririka.

"Sasa utaniondoa?" aliuliza.

Mchungaji alitikisa kichwa. "Ubatizo wako haujaharibika," alisema. "Mungu hakukufuta kwa sababu ulilowa mara ya pili. Lakini kuna watu wawili uliowadanganya, na mmoja uliyemsingizia. Hao hatuwezi kuwaruka."

Audrey alishusha pumzi. Nusu ya mzigo ilikuwa imemtoka, ikabaki nusu nyingine.

Walianzia kibandani. Filister alisikiliza mpaka mwisho mkono ukiwa shavuni. Hatimaye mama alijifuta mikono kwa leso, akamwomba jirani amtazamie kibanda, akasema twendeni.

Wakashika njia kwa miguu mpaka Gatina. Kwa shangazi mambo yalikwisha upesi. Alisema alijua siku ile ile, kwani mfereji wa ploti ulikuwa umekauka wiki nzima. Kwa Pasta Wainaina Audrey alijikaza kisabuni. Alimwambia kwamba alikuwa amebatizwa tangu utotoni, na kwamba mama yake hakujua lolote.

Pasta aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama," alimwambia Filister. "Ilikuwa kazi yangu kuja kukuuliza wewe. Nilifurahi haraka mno."

Chai ikaletwa, na wachungaji wale wawili wakaanza kubishana. Wainaina alishikilia kwamba mtoto mchanga hawezi kuamini. Kavoi naye akashikilia kwamba neema ya Mungu humtangulia mtu kabla hajajua hata kuiomba. Walibishana mpaka birika likaisha. Hakuna aliyemshinda mwenzake, nao waliagana wakicheka. Wangeci, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alimshika Audrey mkono na kumwomba radhi kwa kumcheka.

Jumapili Audrey alisimama ndani ya gauni lake. Mchungaji Kavoi alimwuliza kama anathibitisha mwenyewe ahadi zilizotolewa kwa niaba yake utotoni. Alijibu kwa sauti iliyofika mpaka benchi la nyuma. Mikono ya mchungaji ilipotua kichwani pake, alijihisi mwepesi, akatabasamu mbele ya watu wote.

Baada ya ibada Filister alimvuta kando.

"Nyathina, mwanangu," alisema, "mimi nililelewa katika kanisa la ngoma na kanzu nyeupe, nikaolewa huku kwa Wamethodisti. Mungu nilimkuta kote kuwili. Kwa Wangeci pia yuko. Siku ukikua ukitaka kuomba nao, nenda, lakini nenda ukiwa Audrey, binti ya Filister, uliyebatizwa hapa. Siku ile tangini ulimpelekea Mungu msichana mwingine uliyemtunga mwenyewe. Leo umekwenda wewe mwenyewe."

Audrey akamkumbatia mama yake kwa nguvu, na Filister akalia palepale mlangoni mbele ya majirani wote, bila kujali nani anamwona.