Nilimwita Dancan Tapeli kwa Sababu ya Spika ya Kushoto

Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025. Saa kumi na dakika ishirini alasiri. Mji wa Kale, Mombasa. Joto kali, mbingu tupu, hewa imesimama hata pazia la dirishani halitikisiki.

Nimekaa kwenye kiti changu katikati ya chumba, na nimegundua kwamba nimesalitiwa!

Si na adui. Si na mgeni.

Na Dancan!

Dancan ambaye tulilala kitanda kimoja cha deka miaka minne katika shule ya bweni, yeye juu, mimi chini. Dancan aliyeniuzia spika mbili kwa mkono wake, moja nzima... na moja imekufa!

"Mama Sheryl!" nikaita. "Njoo usikie wizi!"

Mke wangu Nekesa akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Akasimama mlangoni, akasikiliza.

"Mbona mimi nasikia vizuri, Baba Sheryl?"

"Unasikia vizuri kwa sababu huujui muziki."

Akanitazama. Akasema neno huku akirudi jikoni. Sikulinasa.

"Sema waziwazi! Acha kunung'unika!"

Hakujibu. Au labda alijibu.

Wenzangu mnaosoma ukurasa huu wa wahitimu, wengi mnanijua. Ni mimi, Joab Odera, kiranja wa bweni mwaka 1984. Sikumvumilia mwongo wakati ule, na sijaanza sasa.

Mnaikumbuka sheria yetu. Ukimtuhumu mwenzako mbele ya watu, kisha tuhuma ikawa ya uongo, utasimama mbele ya watu walewale uifute. Si pembeni. Si kwa barua.

Niliisimamia mwenyewe. Yuko mmoja wenu niliyempandisha juu ya meza ya bwalo akilia, uji ukipoa mbele ya shule nzima. Sikumshusha mpaka alipomaliza.

Sasa sikilizeni.

Nilistaafu Desemba, baada ya miaka thelathini na moja katika ghala moja kule Shimanzi. Tukapanga ghorofa ya juu hapa Mji wa Kale. Nilikuwa na haja moja tu maishani: chumba cha kusikilizia muziki.

Na muziki wenyewe ni kwaya yetu ya shule! Mwalimu aliirekodi kwa maikrofoni mbili. Sauti ya tatu kushoto, sauti ya nne kulia.

Dancan kushoto. Mimi kulia.

Nikaenda Makadara, kwenye duka la Dancan la vyombo vya sauti. Nikanyoosha kidole kwenye spika mbili zilizonifika kifuani.

"Nataka hizo."

"Hizo za ukumbi wa harusi, Kiranja. Ngoja nikione chumba kwanza."

Akaja na futi, spika mbili ndogo na amplifaya mbili za kukuza sauti. Akapima urefu, akapima upana, kisha akainua macho kwenye dari.

"Umeziona boriti? Nyumba hizi, upana wa chumba ni urefu wa boriti. Zaidi ya hapo mjenzi hakuweza. Ndiyo maana chumba chako ni kama behewa la treni. Ukiyaingiza yale madubwana, besi itagonga ukuta irudi ikupige usoni. Utakuwa unasikiliza ukuta, husikilizi kwaya. Zako ni hizi ndogo."

"Mtu wa hadhi yangu, spika za kimo cha mkate?"

"Mkate ndio unaoshibisha, Kiranja."

Nekesa alicheka. Mimi sikucheka.

Kisha Dancan akafanya jambo la ajabu. Akasimama kando ya kiti nilichokalia, akapigisha viganja kofi moja kali.

"Mwangwi unatoka upande gani?"

"Kulia."

Akahamia upande wa pili wa kiti changu. Akapiga tena.

"Na sasa?"

"Kulia. Kwani huu ni mtihani wa kidato cha nne?"

Akakunja futi yake polepole mno.

"Kiranja, spika chukua hizi ndogo. Lakini amplifaya chukua hii yenye kitufe cha mizani. Ukikizungusha, unaongeza sauti upande mmoja."

"Mimi sihitaji mkongojo! Nipe ile isiyo na mapambo."

"Nakuomba..."

"Nimesema!"

Basi akapanga. Spika juu ya stendi, mbali na kona, zote zikikitazama kiti. Umbali kati yake sawa na umbali mpaka kitini. Akaniagiza zulia nene sakafuni na mapazia mazito, nami nikavinunua Biashara Street kama alivyosema.

Akaenda zake.

Nikaiweka kwaya.

Sauti ya nne ikajaa chumba! Nilijisikia mwenyewe, kijana wa miaka kumi na minane, kifua wazi.

Lakini Dancan... Dancan alikuwa mbali. Kama mtu anayeimba chini ya blanketi.

Nikakagua waya. Uko sawa. Nikampigia simu.

"Umeniuzia spika mbovu!"

"Hebu zibadilishe, Kiranja. Ya kushoto iweke kulia, kisha usikilize."

"Uniuzie takataka, halafu unipe na kazi?"

Akashusha sauti.

"Joab, nije tuzungumze sisi wawili?"

"Utazungumza na watu wote!"

Nikakata. Na hapa hapa, kwenye ukurasa huu, nikaandika mliyoyasoma: *Dancan ni tapeli. Ameniuzia chombo kibovu akijua. Msinunue kwake.*

Mkayapokea kwa shangwe! Mmoja akasema alimshuku tangu kidato cha pili. Mwingine akasema watu wa kwaya ndivyo walivyo. Kanisa moja la Changamwe, ambalo lilikuwa limemwagiza vyombo vyote vya sauti, likaghairi. Hiyo ndiyo kazi aliyoitegemea mwaka mzima.

Dancan hakuandika hata nukta.

Nami nikauhesabu ukimya wake kuwa ungamo.

Siku tisa baadaye nikamwita Kamaludin, fundi wa redio wa mtaani kwetu, mtu anayeheshimika. Nilitaka aandike kwa mkono wake kwamba spika ni mbovu.

"Hodi hapa!"

"Karibu, fundi."

"Starehe, bwana. Haya, nambia, mgonjwa yuwapi?"

Nikamwonyesha. Akaweka sikio kwenye spika ya kulia. Akaweka kwenye ya kushoto. Akasimama.

"Hapana mgonjwa hapa."

"Haiwezekani! Kaa kwenye kiti usikie!"

Akakaa. Nikafungulia kwaya. Akafumba macho, na tabasamu ikamjia.

"Huyu wa kushoto yuwaimba kama zumari. Ni nani?"

Nikamwinamia.

"Unamsikia?"

"Kama nikusikiavyo wewe."

Akanitazama usoni. Kisha akainuka, akakigeuza kiti kikaelekea mlangoni, spika zikabaki nyuma.

"Kaa."

"Upuuzi gani huu, fundi?"

"Wewe si wataka ushahidi? Kaa, bwana."

Nikakaa. Akafungulia.

Dancan akaimba!

Wazi! Kando ya shavu langu! Niliisikia hata pumzi anayovuta kabla ya ubeti wa pili.

Na mimi... mimi ndiye niliyekuwa chini ya blanketi.

"Spika gani mbovu sasa?" Kamaludin akauliza taratibu.

Nikageuka kuziangalia spika.

"Spika hazijaondoka mahali pake, bwana. Lililogeuka ni sikio lako."

Nekesa alikuwa mlangoni. Akaja, akasimama upande wangu wa kulia. Ndipo nilipotambua kwamba siku hizi, akiwa na jambo zito, husimama upande huo.

"Miaka mitatu nakuita, Baba Sheryl. Nikikuita toka kushoto, unasema nanung'unika."

Kesho yake nikaenda hospitali, na daktari akanieleza kwa maneno machache. Kule Shimanzi meza yangu ilikuwa dirishani, na nje ya dirisha, upande wa kushoto, kulikuwa na jenereta. Miaka thelathini na moja! Sikio hilo limebakiwa na kidogo sana, na hicho kidogo hakitaongezeka.

Nikaenda Makadara kwa miguu. Nilimkuta Dancan akifuta vumbi kwenye yale madubwana ya harusi.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua kwenye kofi la pili."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikupa kitufe. Ukakiita mkongojo."

"Na ukurasani? Neno moja lingekusafisha, Dancan! Ungesema tu!"

Akaweka kitambaa chini.

"Neno gani, Kiranja? Niandike Joab Odera ni kiziwi, darasa zima lisome? Spika nitauza nyingine. Wewe fahari yako ni moja, huna ya akiba."

Wenzangu, nimesimamia sheria maisha yangu yote. Sikuwahi kuona aibu kama ile.

"Basi yaishe," akasema. "Ifute ile habari, tunywe chai."

"La. Kufuta kimyakimya ni pembeni. Sheria ni mbele ya watu walewale."

"Ameanza tena..." akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya kanisa lile la Changamwe, nikasema niliyopaswa kusema. Kama watamrudia au la, bado hawajaamua. Nimewaomba. Siwezi kuwaamuru.

Na leo, tarehe 8 Machi, nimepanda juu ya meza ya bwalo. Nitazameni.

Mimi, Joab Odera, nilisema hapa kwamba Dancan ni tapeli. Si tapeli. Spika zake ni nzima na alizichagua vizuri kuliko nilivyostahili. Kibovu kilikuwa sikio langu, na kibovu kupita sikio ni kiburi kilichokataa kuzibadilisha spika mbili, kazi ya dakika tano.

Kwa yule niliyempandisha mezani mwaka ule: wewe ulipanda siku ile ile. Mimi nimechukua wiki tatu.

Ndugu msomaji, ukiona mwenzako hasikiki, usianze na yeye. Geuza kiti chako kwanza.

Nimechukua ile amplifaya yenye kitufe. Nimekizungusha kushoto. Nekesa huketi kulia kwangu, na kwaya sasa inaimba yote.

Dancan, jina lako nililichukua hapa mbele ya watu hawa. Nimelirudisha hapa, mbele ya watu hawa hawa.

Deni nimelilipa.